Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huichukua methali hii kuwa onyo kwa wavivu, nao hawakosei. Walakini ndani yake mna jambo jingine. Siku mbili za kwanza mgeni hana sehemu katika mambo ya nyumba. Hajui nani amegombana na nani, shamba ni la nani, wala kwa nini jirani fulani hapiti tena uani. Hukaribishwa, hulishwa, hulazwa; husifiwa naye husifu. Siku ya tatu hupewa jembe, na pamoja na jembe hupewa habari. Mtu akiisha kulima shamba huwa ameijua mipaka yake, na akiisha kuijua mipaka hawezi tena kujifanya kipofu pale mpaka uliposogezwa kwa dhuluma.

Yuko mtu mmoja katika ulimwengu wa leo ambaye kazi yake humfanya mgeni kila siku, wala siku ya tatu haimfikii. Mtu huyo ni mwanamuziki wa bendi isafiriyo, na hasa wa zile bendi za muziki wa roki ambazo tangu miaka ya 1960 zimekuwa zikizunguka dunia kutoka mji hata mji. Leo yupo hapa, kesho hayupo. Swali ambalo napenda tulifikiri pamoja ni hili: je, mgeni wa namna hii ana dhamana yoyote juu ya nyumba alimoimba? Aweza kusema, "Mimi nilikuja kuimba tu," akachukua ujira wake na kwenda zake na moyo safi?

Si haki kumhukumu mtu kabla ya kuyajua maisha yake. Vijana wengi hudhani kwamba maisha ya bendi safarini ni raha tupu. Raha imo, siikani. Lakini tazama habari za vijana watano wa Liverpool waliojiita The Beatles. Mwezi wa Agosti 1960 walikwenda Hamburg, nchi ya Ujerumani, kupiga muziki katika vilabu vya usiku. Malazi waliyopewa yalikuwa nyuma ya pazia la jumba dogo la sinema, karibu na vyoo. Siku za kazi walipiga muda wa saa nne na nusu, na siku za mwisho wa juma saa sita, kwa marki 30 kila mtu kwa siku. Mwezi wa Novemba mmoja wao, George Harrison, alirudishwa kwao na polisi kwa sababu alikuwa hajatimiza miaka 18. Hiyo ndiyo raha yao ya kwanza. Hata hivyo, Hamburg walikaa miezi. Walimjua mwenye klabu na ubahili wake, waliwajua wahudumu na mabaharia na wenye maduka ya mtaa ule. Kwa lugha ya methali yetu, Hamburg waliifikia siku ya tatu, na jembe walilishika.

Miaka minne baadaye mambo yalikuwa mengine kabisa. Tarehe 19 Agosti 1964 walianza safari ya Marekani na Kanada, na kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache walipita katika miji zaidi ya 20. Waliteremka katika ndege, wakaingizwa katika gari lenye walinzi, wakafungiwa hotelini, wakapelekwa uwanjani, wakarudishwa hotelini, wakapanda ndege. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Agosti 1965, waliimba mbele ya watu zaidi ya 55,000 katika uwanja wa Shea, New York. Mayowe ya watu yalikuwa makubwa hata wapigaji wenyewe hawakuweza kusikia vyombo vyao. Ringo Starr, mpiga ngoma, alieleza baadaye kwamba katika maonyesho ya namna hiyo ilimpasa kuitazama migongo ya wenzake inavyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Wimbo wenyewe ulikwisha kuwa kitu cha kubahatisha. Mwaka 1966 waliacha safari hizo kabisa.

Maisha ya namna hii yana mpango wake. Meneja huchagua miji. Wakala hupatana bei. Mwanasheria huusoma mkataba. Mafundi hutangulia na malori yaliyopakia vyombo na nyaya na taa, huiba usingizi barabarani, na jioni bendi hukuta jukwaa limesimama kama lilivyosimama jana katika mji mwingine. Mwanamuziki huambiwa saa tu. Katika mji wa ugeni yeye huona vitu vinne: uwanja wa ndege, kiti cha gari, chumba cha kulala, na mwanga wa taa za jukwaani, ambao humzuia hata kuziona nyuso za watu waliolipa kumwona. Asiyejua mji alioko si lazima awe mtu mpumbavu au mwenye kiburi. Kutojua kwake kumepangwa pamoja na ratiba.

Wala tusidhani kwamba mtu huyo ni mvivu. Kuimba wimbo ule ule kila usiku, kwa miezi, na kumpa kila msikilizaji sauti ya mtu anayeuimba kwa mara ya kwanza, ni kazi ya heshima. Sisi walimu, ambao aghalabu tunafundisha somo moja kwa mikondo mitatu katika asubuhi moja, twaielewa kazi hiyo. Mkondo wa tatu una haki ya kupata somo lililo hai kama mkondo wa kwanza, hata kama mwalimu amechoka.

Basi mtu aliyechoka hivyo, ambaye hakuchagua mji wala hakuuona, akiambiwa kwamba mji ule una dhuluma, atajibu nini? Atasema kwamba yeye ni mwanamuziki. Jibu hili lisidharauliwe. Mwokaji haulizi mwenendo wa mtu kabla ya kumwuzia mkate. Daktari humtibu mwizi kama amtibuvyo mwenye kuibiwa, nasi twamsifu kwa hilo. Kwa nini mwimbaji peke yake adaiwe kupima roho za wasikilizaji? Tena muziki una tabia ya kuwakutanisha watu walioachanishwa na kila kitu kingine. Ukianza kumchagulia wasikilizaji, yamkini utakuwa umeziba tundu la mwisho ambalo hewa safi ilipita.

Hoja hiyo ina nguvu, nami nimewaona wanafunzi wangu wa ualimu wakiishindwa kuijibu katika mjadala. Lakini ina upungufu mmoja. Mkate huliwa ukaisha, wala hakuna amtukuzaye mlaji kwa sababu ya mwokaji. Muziki si hivyo. Katika pwani yetu, mwenye harusi akiita kundi kubwa la taarab hanunui sauti tu, hununua heshima. Kesho yake mji mzima husema kwamba fulani aliwaleta watu wale nyumbani kwake. Mwimbaji huazima jina lake kwa mwenyeji wake, na jina hilo hubaki nyumbani baada ya gari la vyombo kuondoka. Ndiyo sababu wenye nyumba mbaya huwa tayari kulipa fedha nyingi kuliko wenye nyumba njema.

Sasa natoka katika maneno ya jumla niingie katika jambo moja lililotokea, nalo lamhusu mtu aliyezaliwa jirani na sisi.

Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja mtoto wa kiume, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama chini ya serikali ya wakoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Januari, jamaa yote ilihamia Uingereza. Huko kijana yule alijiita Freddie Mercury, na mwaka 1970 yeye pamoja na Brian May na Roger Taylor waliunda bendi ya Queen; John Deacon aliungana nao mwaka 1971. Ilipofika mwaka 1984 hapakuwa na bendi nyingi duniani zilizoweza kujaza viwanja kama wao.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Queen walikwenda kuimba mahali panapoitwa Sun City. Ili tuone uzito wa safari hiyo, hapana budi tujue Sun City ilikuwa nini. Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini ilikuwa imekata vipande vya ardhi ikaviita nchi za makabila ya Waafrika. Shabaha yake ilikuwa kusema kwamba Mwafrika si raia wa Afrika Kusini, bali ni raia wa kipande chake, na kwamba mjini anakofanya kazi yeye ni mgeni. Kipande cha Watswana kiliitwa Bophuthatswana. Hakikuwa hata kipande kimoja. Kilikuwa viraka vilivyotawanyika, kimoja hapa, kingine mbali kule. Tarehe 6 Desemba 1977 kilitangazwa kuwa nchi huru. Serikali ya Afrika Kusini na vipande vingine vya namna hiyo walikitambua, na dunia yote iliyobaki ikakataa. Kwa tangazo hilo Watswana kwa mamia ya maelfu waliamka si raia wa nchi waliyozaliwa.

Sheria ya Afrika Kusini ilikataza michezo ya kamari. Kwa kuwa Bophuthatswana iliitwa nchi nyingine, tajiri mmoja, Sol Kerzner, alijenga huko hoteli kubwa yenye nyumba ya kamari na ukumbi wa muziki, ikafunguliwa mwezi wa Desemba 1979. Watu wa Johannesburg waliweza kufika kwa gari katika muda wa saa mbili hivi, wakacheza kamari mwisho wa juma na kurudi makwao. Waimbaji mashuhuri wa Ulaya na Marekani waliitwa kwa malipo makubwa mno. Kila mwimbaji aliyekwenda aliipa nchi ile ya uongo kitu ambacho majeshi na mahakama hayakuweza kuipa, yaani sura ya nchi ya kweli inayotembelewa na wageni.

Queen hawakuweza kusema kwamba hawakuambiwa. Mwezi wa Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limewaomba wasanii wa dunia yote wasiende Afrika Kusini, na tangu mwaka 1983 kamati ya umoja huo ilikuwa ikitangaza majina ya waliokwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza, ambacho wao walikuwa wanachama wake, kilikuwa kimekataza pia. Walikwenda. Siku za mwanzo sauti ya Mercury ilikatika, baadhi ya maonyesho yakafutwa, kisha wakaendelea. Waliporudi, chama kiliwatoza faini, na jina lao likaandikwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa.

Walijitetea, na Brian May alisema zaidi kuliko wenzake. Alieleza kwamba walilifikiri jambo hilo sana kabla ya kwenda, kwamba bendi yao si chama cha siasa, na kwamba wao humwimbia yeyote atakaye kuwasikiliza. Tena ukumbi ule ulikuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Zaidi ya hayo, walitoa mapato ya sahani moja ya muziki kwa shule ya watoto viziwi na wasioona huko huko Bophuthatswana. Haya ni maneno ya watu wanaostahili kujibiwa, wala si ya wahuni.

Nianze na ukumbi. Ni kweli kwamba kisheria mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Lakini mlango ule ulifunguliwa kwa sababu mlango mwingine mkubwa kuliko huo, mlango wa uraia, ulikuwa umefungwa. Mtu mweusi aliruhusiwa kuketi karibu na mzungu Sun City kwa kuwa sheria ilikuwa imemwambia kwamba hapo si Afrika Kusini. Tena ni nani aliyekuwa na gari, na nauli, na bei ya tikiti? Si yule aliyefukuzwa katika shamba lake akatupwa katika kiraka kisichoota nafaka. Asiyekuwapo na lake halipo. Msanii jukwaani huwapigia watu walioingia. Hawezi kuwaona walioshindwa kuingia, na taa zinamwaka machoni. Ndiposa nasema kwamba ukumbi ule, kwa kadiri ulivyokuwa wazi na kadiri watu wa rangi mbili walivyoimba pamoja kwa furaha, ndivyo ulivyozidi kuutumikia uongo. Serikali ilitaka hasa picha hiyo. Tazameni, ingesema, katika nchi hizi mpya hamna ubaguzi.

Ama zawadi ya shule, siidharau. Mtoto kiziwi aliyepata mwalimu kwa fedha ile alipata mwalimu wa kweli. Lakini sadaka ni jambo moja, na haki ya safari ni jambo jingine. Kama sadaka ingeweza kuisafisha safari, basi ingekuwa heri kwa kila mwenye fedha, kwani dhambi zingekuwa na bei.

Linabaki neno la siasa. Hapa namkumbuka Miriam Makeba, ambaye Wakenya wa rika zote wamemjua kwa kuimba Malaika. Yeye naye alikuwa mwanamuziki wa safari, na safari zake zilikuwa ndefu kuliko za wengi. Mwaka 1960 mama yake alipofariki, alitaka kurudi kwao Afrika Kusini kuzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Mwezi wa Julai 1963 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa juu ya hali ya nchi yake. Miaka 30 ilipita kabla hajaruhusiwa kurudi. Milango ya miji mikubwa ya dunia ilikuwa wazi kwake, isipokuwa mlango mmoja tu wa nyumbani. Mwanamke huyu hakwenda kuitafuta siasa. Siasa ilimsubiri penye kaburi la mamaye. Serikali iliyomfungia Makeba mlango asiimbe kwao ndiyo iliyofurahi Queen walipoingia kwa mlango wa pili. Sioni jinsi ya kuutenga muziki na siasa katika habari hii bila kuutenga pia ukweli.

Mtu ataniuliza: mwanamuziki ambaye ratiba yake haimpi nafasi ya kuujua mji afanye nini? Jibu limo katika mfano wa watu wengine wa kazi ile ile. Katika safari ile ya mwaka 1964 niliyoitaja, The Beatles walitazamiwa kuimba Jacksonville, katika jimbo la Florida. Sheria ya haki za raia ilikuwa imetiwa sahihi mwezi wa Julai mwaka huo huo, lakini mahali pengi kusini mwa Marekani desturi ya kuwakalisha watu weusi mbali na weupe ilikuwa ingali hai. Mapema mwezi wa Septemba vijana wale walitangaza kwamba hawataimba mpaka Waafrika waruhusiwe kuketi popote. Wenye uwanja walikubali, na tarehe 11 Septemba wakaimba mbele ya watu wasiotengwa. Mwaka uliofuata jambo hilo likaandikwa katika mkataba wao wa ukumbi wa Cow Palace, karibu na San Francisco: kwamba hawatalazimishwa kuimba mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Katika mkataba huo huo yametajwa malipo ya dola 40,000, askari 150 wa kuwalinda, na jukwaa la kuwekea ngoma za Ringo Starr. Nalipenda jambo hili kuliko hotuba nyingi. Haki ya Mwafrika iliandikwa pamoja na mbao za jukwaa, miongoni mwa mahitaji ya kazi, kama kitu ambacho muziki hauwezi kupigwa bila hicho.

Mwezi wa Desemba 1964 mwimbaji wa Uingereza, Dusty Springfield, alikwenda Afrika Kusini kwenyewe. Naye alikuwa ameweka sharti katika mkataba wake kwamba ataimba mbele ya watu waliochanganyika tu. Alipofanya hivyo karibu na Cape Town, serikali ilimfukuza nchini. Watu hawa hawakuwa na muda zaidi ya Queen, wala hawakuijua Afrika Kusini au Florida kama wenyeji. Waliuliza swali kabla ya kupanda ndege, wakati ambapo kalamu ilikuwa bado mkononi. Aliye jukwaani usiku, na watu wanapiga makofi, amekwisha kuchelewa kuuliza.

Yuko na mwingine, Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Marekani. Mwaka 1984 alikwenda Afrika Kusini, si kupiga muziki bali kuuliza na kusikiliza, na mwaka 1985 akawakusanya wanamuziki zaidi ya 50 wa roki, jazi na namna nyingine, wakarekodi wimbo wa kuapa kwamba hawataimba Sun City. Yeye hakutosheka na kuambiwa. Alilitafuta jembe mwenyewe.

Nisiwadanganye wanafunzi kwamba njia ilikuwa nyeupe kwa kila mtu. Mwaka 1985 Paul Simon wa Marekani alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki Waafrika. Aliwalipa vizuri, akayaandika majina yao, na mwaka 1987 akazunguka dunia nao. Wapinzani wengi wa ubaguzi walimlaumu kwa kuvunja mgomo bila kushauriana na waliougua, nao walikuwa na hoja, maana mgomo ukivunjwa na watu wema huwa umevunjika vile vile. Walakini Miriam Makeba na Hugh Masekela, watu wawili waliofungiwa mlango wa kwao, walipanda naye jukwaani. Mimi naona kuna tofauti kati ya kwenda kumwimbia tajiri wa kamari na kwenda kuketi na mpiga gitaa wa Soweto. Lakini naona pia kwamba tofauti hiyo ilikuwa ngumu kuonekana mwaka 1985, na waliomlaumu Simon siwezi kuwaita wajinga.

Kuhusu Queen, hukumu yangu ni kwamba walikosea, na kosa lao halikuwa la chuki. Waliuchunguza mlango wa ukumbi, wakauona wazi, wakaridhika. Tarehe 29 Novemba 2003 May na Taylor walisimama jukwaani Cape Town katika tamasha la Nelson Mandela la kupambana na ukimwi. Mercury hakuwapo, ugonjwa huo huo ulikuwa umemwua tarehe 24 Novemba 1991. Wako wasemao kwamba tamasha lile lililipa deni la Sun City. Sikubali, kwa sababu aliyeachwa nje mwaka 1984 hakuingizwa ndani mwaka 2003. Lakini walikuja kufanya kazi, na kazi ile ilihitaji watu.

Limebaki jambo moja linalonitaabisha kuliko yote. The Beatles walipokataa kuimba Jacksonville walikuwa mashuhuri kuliko wanamuziki wote duniani. Walijua kwamba mwenye uwanja ndiye atakayesalimu amri. Vipi bendi ndogo ambayo haina jina? Wafikiri vijana watano wenye gitaa za kukopa, wamesafiri kutoka Kisumu hadi Nakuru katika gari lililoharibika mara mbili njiani. Mtu mwenye fedha anawaita wakapige katika mkutano wake wa uchaguzi, nao wamesikia jinsi alivyolipata shamba lake. Hawana meneja wa kulaumiwa wala mwanasheria wa kuwaandikia sharti. Kodi ya nyumba imepita mwezi. Mimi siwezi kuwaambia kwa sauti ile ile niliyomwambia mtu wa Sun City. Mwenye njaa ana udhuru ambao tajiri hana.

Lakini udhuru huo unapunguza lawama tu, hauondoi swali. Nao wanaweza kuuliza, kabla ya kufungua masanduku ya vyombo: anayetuita ni nani, anataka jina letu limfanyie nini, na ni nani atakayezuiwa mlangoni? Kuuliza hakuna gharama. Kukataa kuna gharama, na bendi hiyo ikikataa, hakuna gazeti la London litakaloandika habari zake kama lilivyoandika za Dusty Springfield. Watalala njaa usiku ule, watalisukuma gari lao asubuhi, na mtu yule atapata bendi nyingine kabla ya saa sita mchana.